Naomba ushauri: nataka ushuhuda wangu uwachekeshe watu

Habari zenu ndugu zangu. Natembea kwa magongo tangu utotoni, nashona nguo, na Mungu nampenda. Kanisani nimeombwa kutoa ushuhuda, nami nataka watu wacheke. Visa ninavyo tele: nasubiri daladala niende kazini, mama wa watu ananibandika mia tano kiganjani, "pole mwanangu," na anaondoka kabla sijamrudishia. Au ibada imeisha, wanakuja wa kuniombea nipone, mmoja keshayaegemeza magongo kule ukutani, na mimi nataka kwenda msalani.

Wasiwasi wangu ni wazee wetu, wasije wakadhani nayakejeli maombi. Hata kidogo, naombewa na nitaendelea kuombewa. Ila namtazama Mefiboshethi katika 2 Samweli 9: alikula mezani pa mfalme Daudi siku zote, na sura inaisha akiwa bado kiwete wa miguu yote miwili. Hilo nalo lihubiriwe jamani!

Sasa, nianze na Neno ndipo visa vifuate, au kicheko kitangulie? Na kile cha magongo, nimwombe ruhusa kwanza aliyeyachukua, au nikiache kabisa?