Neno "kal" la Kihindi kwa Kiingereza ni yesterday au tomorrow?

mpenda_tamthilia: Wakuu naombeni msaada. Naangalia tamthilia za Kihindi zenye maandishi ya Kiingereza huku chini, sasa kuna hili neno "kal" linanivuruga kweli. Sehemu moja jamaa kasema kal wakaandika yesterday, mbele kidogo mama mkwe naye kasema kal hiyohiyo wakaandika tomorrow. Wanakosea hawa au ni maneno mawili yanayofanana kutamka?

msomaji_usiku: Hawajakosea, ni neno moja. Kal ni siku inayopakana na leo, iwe nyuma au mbele, anayeamua ni kitenzi. "Main kal aaya" ni nilikuja jana, "main kal aaunga" ni nitakuja kesho. Ukisikia kitenzi kinaishia na unga, ega au enge (akiwa mwanamke anaongea juu yake mwenyewe inakuwa ungi) hiyo ni tomorrow bila wasiwasi, ukisikia tha au thi ujue mambo yashapita. Ndo maana hizi programu za kutafsiri ukizipa neno tupu bila sentensi zinabahatisha tu

mpenda_tamthilia: Aah nimekupata. Ila kuna "kal milte hain", hamna unga wala tha hapo na wameandika see you tomorrow

msomaji_usiku: Hapo kitenzi kiko wakati uliopo ila maana inaenda mbele, si hata sisi tunasema "kesho naondoka" na hakuna anayeshangaa. Angalia na hii, "kal somvaar hai" kesho ni Jumatatu, "kal somvaar tha" jana ilikuwa Jumatatu. Kaneno ka mwisho tu kamehamisha siku nzima.

Bi_Kamusi: Na hamjafika kwa "parson" bado 😂 hiyo ni juzi na kesho kutwa kwa pamoja, utaratibu ni uleule wa kitenzi. Hapo mimi nawaonea huruma Waingereza, maana wanalazimika kuzunguka the day before yesterday, the day after tomorrow, maandishi yanajaa kioo mtu keshamaliza kuongea zamani, wakati sisi tuna juzi yetu, kesho kutwa, na mtondo juu.

Halafu usije ukatafsiri "aaj kal" kuwa leo kesho, aaj ni leo kweli ila zikikaa pamoja ni siku hizi, these days. Na akitaka kubainisha bila kutegemea kitenzi atasema "aane wala kal", yaani kal inayokuja.

mpenda_tamthilia: Shukrani sana. Kuna mzee kwenye hiyo tamthilia anasema "kaal" kwa kuvuta, naye ni jana?

Bi_Kamusi: Hapana hilo lingine kabisa, a ndefu. Kaal ni wakati, enzi, au kifo. Kama kalisema kwa hasira basi kuna mtu anatishiwa hapo