Gari mpya zero kilometa, nimwage oili ikifika 1000 au nisubiri 5000 ya kitabu?

KijanaWaShangani
Wakuu habari za humu. Nimechukua kigari cha petroli, injini ya cc 1200, zero kilometa (kampuni sitaji maana mtaacha swali langu muanze ushabiki). Miaka yote naendesha za mkononi ambazo Mjapani ameshazitumia mpaka kachoka nazo, hii ndo ya kwanza naikuta bado ina nailoni kwenye siti. Nimeifuata Dar nikarudi nayo mwenyewe hadi Mtwara, dashibodi inasoma 640.

Sasa kitabu chake kinasema oili ya kwanza 5000 au miezi sita, ipi itatangulia. Walioniuzia nao wanasema hivyo hivyo. Lakini mjomba wangu yupo hapa home wiki ya pili anasimamia banda letu la mbuzi, yeye enzi hizo kaendesha sana Land Rover, ananiambia ikigonga 1000 mwaga hiyo oili, injini mpya vyuma vinasagana na ule unga wa chuma unazunguka humo humo unakula injini. Na mnajua kwetu Wamakonde mjomba akishasema ndo kasema. Halafu fundi wa hapa mtaani kaja na lake, anasema oili iliyomo ni nyepesi kama maji, joto la Mtwara haitaliweza, niweke namba 40. Nimsikilize nani?

fundi_ligula
Hongera kwa chuma mkuu. Mjomba wako hajakosea, ila anaongelea injini za zamani. Gari za miaka ya 60 na 70 kuta za silinda zilikuwa zinatoka kiwandani na mikwaruzo mikubwa, ring za pistoni zinakuja kujikalisha zenyewe barabarani, kwa hiyo unga wa chuma ulikuwa mwingi kweli na kumwaga mapema ilikuwa lazima. Siku hizi silinda inasuguliwa mpaka karibu na mwisho kabla injini haijafungwa. Unga upo bado, hasa kilometa za mwanzo, lakini ni mdogo na filta inadaka ule mkubwa mkubwa. Na kuna kampuni hazitaki kabisa uiguse oili ya kiwandani kabla ya muda, Honda kwenye vitabu vyao wameandika usibadili mpaka sevisi yenyewe ifike.

Ukimwaga 1000 utaharibu? Hapana, ukiweka oili ileile ya kitabu na filta orijino hamna kitakachokufa, utapoteza hela tu. Ukisubiri 5000 pia hamna kitakachokufa. Kinachonitisha mimi ni huyo wa namba 40. Kwenye kifuniko cha oili pameandikwa nini? Kama ni 0W-20 basi ni 0W-20. Watu wanaona hiyo sifuri wanadhani ni maji, ile namba ya mbele inahusu injini ikiwa ya baridi asubuhi, hii 20 ya nyuma ndo uzito wake ikishachemka, wanaupima kwenye nyuzi 100. Injini yako ikichemka inafanya kazi kwenye joto karibu lilelile uwe Mtwara uwe Ulaya, thamostati na feni vipo kwa kazi hiyo. Injini za sasa zina vinjia vyembamba vya oili vinavyoendesha zile valvu za kujipanga zenyewe, ukitia oili nzito inachelewa kufika, hapo ndo utaanza kusikia kelele asubuhi na taa ya cheki injini juu.

Boda_Mkanaledi
sisi pikipiki mpya tunamwaga 500 na hatuulizi mtu 😂

fundi_ligula
Na mko sahihi, pikipiki nyingi oili moja ndo inalainisha injini, gia na klachi, gia zinasagika humo humo. Gari gia zina oili yake pembeni. Msichanganye mambo.

Chikongola2
Mimi yangu niliimwaga ikiwa na 1200 na sijutii hata kidogo. Nilikinga kwenye beseni jeupe nikaipeleka juani, mkuu ilikuwa inametameta kama rangi ya kucha. Nikazamisha sumaku ya spika ikatoka na kijivu kama masizi. Hapo hata uniambie kitabu kimeandikwa na nani mimi nalala vizuri usiku kwa sababu nimeitoa. Lita nne na filta, laki na ushee, kwa gari ya mamilioni ni nini?

LindiMjini_77
Swali siyo unamwaga lini, swali ni nani anakumwagia. Sikilizeni. Mwaka juzi na mimi nilishikwa na hilo wazimu, gari ina 1100, nikaipeleka gereji moja siitaji jina, dogo akafungua boluti ya sampu, lile karai la oili chini ya injini, oili ikatoka vizuri, wakati wa kurudisha ile washa ya aluminiamu, kile kipete cha kuzuia kuvuja, hakubadilisha, akarudisha ya zamani, halafu akaikaza boluti kwa spana ndefu amepanda nayo juu kama anakaza nati za tairi la lori. Sampu yenyewe ya aloi, uzi ukaliwa. Pale pale haikuvuja hata tone. Wiki ileile nikaanza safari ya Dar, nimeipita Mbwemkuru kidogo taa nyekundu ya oili ikawaka, nilizima injini hapo hapo sikusubiri hata kufika kivulini, na hicho ndo kilichoniokoa maana dipstiki ilikuwa kavu. Dereva wa lori la saruji akanivuta mpaka Nangurukuru. Wakachonga uzi mpya wakaweka boluti nene zaidi. Nawapigia walioniuzia kuhusu waranti wananiuliza risiti ya oili iko wapi na nani alifungua, nikabaki namung'unya maneno. Kwa hiyo mkuu ukimwaga, washa mpya, risiti yenye kilometa imeandikwa, na simama pale pale usiende kunywa chai.

Mama_wa_Newala
Mnabishana 1000 na 5000 hamjamuuliza anaendesha wapi. Kama ni Shangani sokoni, sokoni Shangani, injini inazimwa kabla haijachemka vizuri, petroli na unyevu vinabaki kwenye oili, hapo hata hiyo 5000 usiingojee, fuata miezi. Na kama unapanda huku kwetu msimu wa korosho kwenye barabara za vumbi, kagua klina ya hewa kila mara, vumbi likipenya hapo ni msasa kwenye silinda, oili mpya haisaidii kitu. Mie yangu naipunguzia nusu ya kilometa za kitabu, na hata vitabu vyenyewe ukisoma ule ukurasa wa mazingira magumu ndo vinavyosema, sema watu hawafiki ukurasa huo.

fundi_ligula
Mama kamaliza. Niongezee tu, kijana hizo 640 za Dar ulikimbiaje? Kama ulikaa kwenye spidi moja masaa na masaa, hizi zinazokuja badilisha badilisha, panda mwendo taratibu, shuka, usikanyage mpaka chini na usibebe mzigo mzito.

KijanaWaShangani
Nilikuwa na bibi siti ya nyuma, akiona 80 anaanza kusali, kwa hiyo nilipanda na kushuka sana tu 😂

Mrejesho wakuu. Nimecheki kifuniko ni 0W-20 kweli, fundi wa namba 40 nimemuaga kwa heshima. Nimepiga Dar, wamesema hawana shida nikimwaga mapema ilimradi oili na filta ni za kitabu na nitunze risiti, ila sevisi ya 5000 ibaki palepale. Klina nimefungua, bado nyeupe. Mama wa Newala nimeusoma huo ukurasa, vumbi na safari fupi zote zimo, yaani ni mimi kabisa. Nimeamua 2500, nusu kwa nusu.

Jana nikamuelezea mjomba yote haya, silinda, ring, mambo ya waranti, akasikiliza kwa utulivu kabisa mpaka mwisho. Halafu akauliza, "Sasa hiyo oili chafu nitaipata lini? Mchwa wanamaliza nguzo za banda."

Chikongola2
😂😂😂 mwambie aje Chikongola kwangu ipo nusu dumu, inametameta

Boda_Mkanaledi
naileta mie, nauli atalipa mjomba