Acheni kutuambia kerneli inabadilishwa "bila kuzima"

Wakuu, tangu saa nane usiku sijalala, na nina hasira kweli kweli.

Kuna seva ya Linux ninayoitunza. Ukiizima na kuiwasha, fimwea yake (programu ya ndani inayoiamsha mashine) inachukua dakika sita kukagua kumbukumbu na diski kabla mfumo haujaanza kupanda. Ndiyo maana nilipokutana na mwongozo unaosema "hamia kerneli mpya mashine ikiwa inatembea, sekunde chache tu" (kerneli ni kiini cha mfumo, kinachosimamia mashine na programu), nikaufuata. Amri mbili. Ya kwanza inapakia kerneli mpya kwenye kumbukumbu, ya pili ni kexec -e, inayorukia kerneli hiyo papo hapo. Nikabonyeza Enter.

Dirisha la SSH, ninaloliongozea seva kwa mbali, likaganda. Nikasubiri dakika moja, tatu, kumi. Kimya. Ikabidi nitoke usiku huo niende mashine ilipo, nichomeke skrini. Kerneli mpya ilikuwa imepanda vizuri kabisa, lakini kadi ya mtandao imekufa. Fimwea inaporukwa, huenda kadi isirudishwe kwenye hali ya mwanzo, kwa hiyo draiva mpya (programu ya kuiendesha kadi) iliikuta vilevile ilivyoachwa na ile ya zamani na ikashindwa kuiamsha. Nikazima umeme kabisa, nikawasha. Dakika sita zilezile nilizokuwa nazikimbia.

Ya kadi ningeyameza. Kilichoniuma ni kufungua folda ya kazi ya usiku na kukuta faili zina majina yake yote, ukubwa baiti 0. Data ilikuwa bado kwenye kumbukumbu ya programu zenyewe inasubiri kuandikwa diskini, na kexec -e haimuagi mtu: haisimamishi huduma, haishushi diski (haizitenganishi na mfumo kwa usalama), inaruka moja kwa moja. Kazi ya saa tano ya watu wengine imepotea mikononi mwangu.

Na hili si jambo jipya. Kexec iko ndani ya Linux tangu toleo 2.6.13 la mwaka 2005. Inachoruka ni fimwea na kipakiaji (programu inayopakia kerneli mashine inapowaka) tu. Programu zote zinazotembea zinakufa, bila ubaguzi! Mwongozo ungesema mtumie systemctl kexec, huduma zingefungwa kwanza na diski zingeshushwa kwa utaratibu. Mstari mmoja tu, na mwandishi hakuuona una umuhimu.

Halafu ukurasa huohuo unachanganya na viraka vya moja kwa moja, vile vilivyoingia Linux 4.0 mwaka 2015, kana kwamba ni kitu kimoja. Si kitu kimoja jamani! Kiraka kinabadilisha baadhi ya fanksheni (vipande vya msimbo) ndani ya kerneli ileile, programu zinaendelea, na uname -r inabaki kuonyesha toleo la zamani. Ni cha kuziba tundu la usalama wakati unatafuta nafasi ya kuwasha upya. Hakikutoi toleo moja kwenda jingine.

Ninyi mnaoandika miongozo hii, andikeni juu kabisa kwamba kila programu itakufa. Anayesoma ana data ya watu.

Sasa swali kwa waliokwisha kukwama na kadi za namna hii: ukiiondoa draiva kwa modprobe -r ndani ya skripti kabla ya kuruka, kadi inaamka upande wa pili? Nataka jibu la mtu aliyejaribu kwa mkono wake.