Chanjo ya homa ya nguruwe: watoto wa mama aliyechanjwa wachanjwe na umri gani?

ZiziSafi: Habari wakuu. Majike yote yamechanjwa homa ya nguruwe ya kawaida, siyo ile ya Afrika. Watoto wakachanjwa chanjo hai (yenye virusi hai vilivyodhoofishwa) wakiwa na wiki 3, ubaridi wa kuhifadhia chanjo haukukatika hata kidogo, lakini vipimo vya wiki ya 10 vinaonyesha wachache tu ndio wenye kinga. Tatizo ni chanjo au umri?

Mganga_wa_Mifugo: Umri. Kondo la nyuma la nguruwe halipitishi kingamwili, hivyo mtoto huzaliwa karibu mtupu na kinga yake ya mwanzo yote hutoka kwenye dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya mama. Sasa kingamwili hizo hizo huvidaka virusi vya chanjo kabla havijazaliana, mwili wa mtoto ukakosa cha kujifunzia. Hupungua nusu takriban kila siku 10 hadi 12, kwa hiyo wiki ya 3 bado ni nyingi mno. Watoto wa majike yaliyochanjwa huchanjwa wiki ya 6 hadi ya 8. Ukisogeza mbele zaidi ya hapo unaacha pengo: kinga ya mama imeisha, ya chanjo haijashika.

Hao wachache wenye kinga huenda ndio waliokosa dang'a ya kutosha, chanjo ikapata nafasi.

ZiziSafi: Kwa hiyo dang'a ipunguzwe?

Banda_la_Uzazi: Hapana, ndugu, usithubutu! Mtoto aliyekosa dang'a hufa kwa kuhara au baridi hata kabla ya wiki ya chanjo. Kinachotakiwa ni wote wanywe sawa, angalau gramu 250 kila mmoja ndani ya saa 24, kwa sababu baada ya hapo utumbo hufunga na kingamwili haziingii tena damuni. Watie alama kwa mpangilio wa kuzaliwa. Wa kwanza wakishashiba (tumbo limejaa, wamelala), waweke kwenye sanduku lenye joto kwa saa 1 hadi 1 na nusu, wadogo wabaki na chuchu peke yao. Mnyonge mkamulie mama, umpe mililita 10 hadi 15 mdomoni taratibu, kisha urudie. Aliyepoa hanyonyi, kwa hiyo mkaushe na umpashe joto kwanza. Kuhamishia watoto kwa jike jingine kusubiri angalau saa 12: chembe hai za kinga zilizomo kwenye dang'a hupenya utumbo ikiwa tu ni za mama mzazi.

Mganga_wa_Mifugo: Naunga mkono. Hao wa wiki 10 warudie chanjo sasa, wenye afya tu. Mwenye homa asubiri. Bomba la sindano lichemshwe, lisisafishwe kwa spiriti wala dawa ya kuua vijidudu, maana mabaki yake huua virusi vya chanjo. Na chanjo hii haizuii homa ya nguruwe ya Afrika, virusi vyake ni vya jamii nyingine kabisa. Dalili zinafanana sana, hivyo vifo vya ghafla vipelekewe sampuli maabara.