Kuchomwa ajmalini kupima Brugada: nani amepitia?

BintiTanga: Shikamooni wakubwa. Marehemu kaka yangu alilala Tanga hakuamka, miaka 31. Msibani wakasema jinamizi, wengine wakamtaja jirani. Mimi niko London, ECG zangu tatu (vipimo vya umeme wa moyo) safi, ila kwa kuwa ni ndugu wa damu daktari anataka kunichoma ajmalini aone kama nina Brugada, ugonjwa wa kurithi wa umeme wa moyo unaoweza kuua mtu usingizini. Dawa ya kuuchokoza moyo mzima! Mama kanipigia: "Usichezee moyo, mwanangu." Mliopitia, inakuwaje?

MzeeWaReading: Marahaba, pole sana. ECG yangu nayo ilikuwa safi. Alama ya Brugada kwenye ECG hujificha, ndiyo maana wanaichokoza. Walinibandika waya kifuani, mbili wakazipandisha juu kuliko kawaida. Mashine ya kushtua moyo ilikuwa kando, nikaikodolea macho kuliko nilivyomtazama daktari. Dozi ni kwa uzito: miligramu 1 kwa kilo, polepole mshipani. Mdomo ukawa na ladha ya chuma kama nimelamba sarafu, uso ukapata joto. Nesi anatoa karatasi kila dakika. Ghafla daktari akasema "tumeiona", sindano ikasimamishwa hapo hapo. Mimi sikuhisi lolote! Nikalazwa saa chache waniangalie, jioni nikapanda treni nyumbani.

BintiTanga: Ikionekana ndiyo napasuliwa, niwekewe kifaa cha kushtua moyo mwilini?

MzeeWaReading: Si lazima. Mimi sijawahi kuzimia, na alama ilitoka kwa dawa tu, kwa hiyo nafuatiliwa kliniki. Nina orodha ya dawa za kuepuka. Adui yangu ni homa, nayo huuchokoza moyo wa namna hii. Nilipokwenda Muheza nikashikwa na malaria, sikungoja kuche: paracetamol, kisha hospitali, nikawaomba ECG kabla hata ya kipimo cha malaria. Daktari kijana akanishangaa, nikamwonyesha barua.

NesiMombasa: Hilo la jinamizi halipo kwetu tu. Ufilipino vifo hivi vya usingizini waliviita bangungot, yaani jinamizi, kabla ndugu wawili wa ukoo wa Brugada hawajaueleza ugonjwa mwaka 1992. Dada, waulize wazee pande zote mbili. Mzazi mwenye kasoro hiyo ya vinasaba, kila mtoto wake ana nusu kwa nusu ya kuirithi.

BintiTanga: Nimemuuliza mama. Akanyamaza, kisha: "Baba yako mdogo wa Korogwe naye alilala hakuamka." Miaka yote sijawahi kuambiwa! Nakwenda Jumanne.