Lewis na Clark pale Great Falls, 1805: mashua ya chuma iliharibiwa na nini hasa?

Msomaramani

Habari wakuu. Nafuatilia safari ya Meriwether Lewis na William Clark, ile aliyoituma Rais Thomas Jefferson kupanda mto Missouri hadi Bahari ya Pasifiki na kurudi, 1804 hadi 1806. Nimekwama kwenye kipande kimoja: Juni na Julai 1805, pale Great Falls, Montana ya leo. Maelezo mengi yanamaliza habari kwa mstari mmoja: Lewis alibeba fremu ya chuma kutoka mashariki, akaivika ngozi, ikavuja, basi.

Ninachotaka kujua: ilivuja kwa sababu ya ngozi, mshono au lami? Tena, mitumbwi na mizigo vilipitishwaje nchi kavu zaidi ya maili 17 bila farasi hata mmoja? Na vile walivyoviacha nyuma vilifichwa vipi, na wakati wa kurudi vilikutwa salama?

FundiMtepe

Lami. Mengine yalichangia, lakini wangekuwa na lami ya msonobari leo tungekuwa tunaongea habari nyingine.

Chombo chenyewe kwanza. Fremu ilifuliwa Harpers Ferry, Virginia, mwaka 1803. Lewis alidhani ni kazi ya wiki moja, ikamshika zaidi ya mwezi. Ikiunganishwa ilikuwa na urefu wa futi 36, upana futi 4 na nusu, kina inchi 26, na hesabu yake ilikuwa ibebe ratili 8,000, yaani kama kilo 3,600, pamoja na watu wake. Wazo lenyewe si la kubezwa. Chuma chepesi kinabebeka, ngozi zinawindwa njiani, na ukifika juu ya maporomoko hutegemei kupata mti mnene wa kuchonga. Chombo hiki ndicho kilichotarajiwa kushika nafasi ya piroga mbili, nyeupe na nyekundu, zile mashua nzito ambazo hazikuwa za kuvushwa nchi kavu.

Ngozi zilizotumika ni 28 za elki, kulungu mkubwa wa kule, na 4 za nyati wa Marekani. Lewis aliipenda ya elki kwa sababu ni imara na haisinyai sana ikikauka. Tatizo ni kwamba nyati walikuwa tele pale na elki wachache, kwa hiyo siku kadhaa ziliishia kwenye uwindaji.

Mshono ulikuwa na kasoro yake. Sindano waliyotumia ilikuwa na kingo kali, ikawa inakata ngozi badala ya kuitoboa tu. Walishonea ukanda mnene wa ngozi wakitegemea ujaze tundu, lakini ngozi ilipokauka matundu yakaachama na ukanda ukabaki unacheza ndani. Chombo chochote cha kushona, mtepe ukiwemo, kinasimama kwenye jambo hilohilo: tundu lijae. Lewis aliliona kosa hili kabla hata ya kushusha mashua majini.

Sasa lami. Pale juu hapakuwa na misonobari. Walijenga tanuri la kukamulia lami, wakangoja, halikutoa kitu. Ndipo wakaunda dawa ya kubahatisha: makaa yaliyotwangwa, nta ya nyuki na shahamu ya nyati. Mashua ikageuzwa mkuku juu, ikakaushwa kwa moto chini yake, ikapakwa mara mbili tarehe 8 Julai. Tarehe 9 ikashushwa, ikaelea vizuri kabisa, Lewis mwenyewe akaifananisha na kizibo. Alasiri upepo ukavuma, mawimbi yakapiga, mizigo ikabidi ipakuliwe. Upepo ulipotulia jioni wakakuta ile dawa imebanduka kwenye ngozi na maungio yote yako wazi.

Mpako ule wa shahamu, nta na makaa ulikaa juu ya ngozi tu. Ngozi ikinywa maji hulegea na kujikunja na kila wimbi, na ule mpako mgumu haufuatani nayo.

Nyikani

Nijibu la pili, la kuvuka.

Lewis aliyaona maporomoko tarehe 13 Juni 1805. Yako matano kwa mfululizo, na lile refu kuliko yote yeye alilikadiria futi 80 au zaidi. Clark akatumwa upande wa kusini wa mto kupima njia na kuipigia vigingi. Ilitoka kama maili 18, na baada ya kunyoosha kona ikabaki 17 na robo tatu, kilomita 28 na nusu hivi. Kambi ya chini ilikuwa karibu na kijito kinachoitwa leo Belt Creek, ya juu mkabala na visiwa walivyoviita White Bear. Ukingo wa Missouri ni genge, hivyo mitumbwi sita ilipandishwa kwanza ndani ya kijito kwa maili moja na robo tatu, mpaka mahali penye mteremko wa kutokea.

Magurudumu yalikatwa kwenye shina moja la kotonwudi, ule mti wa jamii ya mpopla unaoota kando ya mito, lenye kipenyo cha inchi 22. Lewis aliona ni bahati, kwa sababu alidhani hakuna shina jingine la unene ule ndani ya maili 20. Ni vipande vya mviringo vilivyokatwa kama unavyokata gogo, havina njiti wala ringi. Ekseli zilitoka kwenye mlingoti wa piroga nyeupe. Zikawa ndizo za kwanza kuvunjika, safari ya kwanza tu, tarehe 22 Juni. Wakaweka mti wa mwerebi badala yake, na hata huo ukavunjika kama nusu maili kabla ya kufika, watu wakamalizia kwa kubeba mgongoni.

Kilichowaumiza zaidi ni ardhi. Nyati walikuwa wamekanyaga tope wakati wa mvua, likakauka na kuacha ncha ngumu kila hatua, na katikati yake mipungate. Miiba ilipenya viatu vyao laini vya ngozi, ikabidi washonee soli ya pili ya ngozi mbichi. Wakisimama kupumzika, wengi walilala usingizi palepale.

Upepo ndio uliowasaidia kidogo. Tarehe 25 Juni walitweka tanga kwenye mtumbwi uliokuwa juu ya magurudumu, ukasukumwa tambarareni, mtu akiona angesema wamechanganyikiwa. Tarehe 29 ikaja mvua ya mawe. Watu walikuwa karibu uchi kwa joto na kazi, wakarudi wanavuja damu vichwani. Siku hiyohiyo Clark, mkalimani Charbonneau, mkewe Sacagawea wa kabila la Washoshone na mtoto wao mchanga walijibanza kwenye korongo, mafuriko yakashuka ghafla, wakanusurika. Dira ya Clark ilisombwa, ikaokotwa kesho yake.

Mzigo wa mwisho ulifika juu tarehe 2 Julai. Kwa hiyo kuvuka peke yake kulikula siku kumi na moja hivi, si mwezi mzima kama wengi wanavyoandika. Zilizobaki zililiwa na mashua ya chuma.

Shahamu_na_Nta

FundiMtepe umeeleza vizuri, ila kwenye ngozi umeruka jambo ambalo kwangu ndilo lenye jibu. Ngozi za elki zilinyolewa manyoya yote. Za nyati zilibabuliwa kwa moto tu, zikabaki na kisiki cha nywele kama sehemu ya nane ya inchi. Mpako ulibanduka kwenye elki, na kwenye nyati ukashika na ngozi ikabaki kavu. Yaani nywele zile fupi ndizo zilizoupa mpako kitu cha kung'ang'ania.

Lewis aliandika hayo mwenyewe baada ya kushindwa: kwamba angetumia ngozi za nyati, akazibabua bila kuzimaliza nywele, chombo kingefaa hata kwa mpako uleule usio na lami. Kwa hiyo siafiki kwamba ni lami peke yake. Aliiacha ngozi iliyokuwa tele, akaifuata iliyo adimu, halafu akaiandaa kwa namna isiyoshika mpako.

FundiMtepe

Hapo nakubali, nywele nilizisahau. Ila matundu ya mshono yangebaki yaleyale. Unaweza kuwa na mpako ulioshika kwenye uso wa ngozi na bado maji yakaingia kwenye kila tundu la sindano.

Msomaramani

Shukrani sana wote. Basi kwa nini hakuvua ngozi akaanza upya na za nyati? Na kama mashua ilikufa, mzigo wa ratili 8,000 uliendelea na nini?

Shahamu_na_Nta

Nyati walikuwa wamekwisha kuhama. Siku zile walipokuwa maelfu, watu walikuwa wakitafuta elki. Ilipojulikana kwamba nyati ndiye, ameondoka. Msimu nao ulikuwa unasogea, na Lewis akaona kuendelea kujaribu ni wazimu.

Walirudi kwenye mtumbwi wa kuchonga. Clark alipanda mto kutafuta miti, maili 8 kwa nchi kavu lakini 23 kwa kufuata mizunguko ya maji, akapata kotonwudi mbili. Mmoja ulitoa mtumbwi wa futi 25, wa pili futi 33, upana kama futi 3 kila mmoja. Tabu ikawa mipini ya mashoka. Mti uliokuwepo wa kufaa ni mcheri mwitu, nao ni dhaifu: wakataji wanne walivunja mipini 13 kwa sehemu tu ya siku. Tarehe 15 Julai wakaondoka na mitumbwi minane.

Kuchelewa huku kuna hesabu yake mbele. Katikati ya Septemba walikuwa juu ya milima ya Bitterroot, theluji inawaangukia tarehe 16, wanakula vitoto vya farasi na supu ya kukaushwa waliyoinunua Philadelphia ratili 193. Sisemi ni mashua peke yake iliyowafikisha huko, maana kupata farasi kwa Washoshone nako kulichukua muda. Lakini wiki mbili za Julai si kitu kidogo ukiwa na mlima mbele yako.

Ghala_la_Shimo

La tatu bado halijajibiwa.

Walitumia shimo la akiba, mtindo wa wafanyabiashara wa manyoya. Kazi aliachiwa Pierre Cruzatte, yule mpiga fidla mwenye jicho moja, kwa kuwa alikuwa ameifanya kabla. Shimo la kwanza lilichimbwa kwenye mlango wa mto Marias, kabla ya kufika maporomoko.

Unachagua mahali pa juu, pakavu. Unachora duara la inchi 20 hivi, unaondoa majani na mizizi yake kama kipande kimoja, unakiweka kando bila kukivunja. Unachimba wima futi moja, halafu unaanza kupanua kuelekea chini, shimo liwe na umbo la birika, kina futi 6 au 7. Udongo wote unawekwa juu ya ngozi au nguo na kumwagwa mtoni, kwa sababu kifusi kipya ndicho kinachouza siri. Sakafuni unatandika vijiti vikavu inchi 3 au 4, juu yake majani makavu au ngozi, na pembeni pia unaweka vijiti ili mzigo usiguse ukuta. Ukijaza, unafunika ngozi, unashindilia udongo, unarudisha kile kipande cha majani mahali pake.

Baruti ilikuwa na hifadhi yake yenyewe, na kwangu hili ndilo jambo lililofikiriwa vizuri kuliko yote safarini. Makopo 52 yaliyotengenezwa kwa madini ya risasi, kila moja likibeba ratili 4 za baruti na lenyewe likiwa na ratili 8 za risasi, limezibwa kwa kizibo na nta. Baruti ikiisha, kopo linayeyushwa kuwa risasi za bunduki, kiasi kinacholingana na baruti iliyokuwemo. Lewis alipoyakagua Februari 1806, huko Fort Clatsop kwenye mvua ya Pasifiki, alikuta 35 yakiwa na baruti nzuri na 5 tu yameharibika.

Sasa matokeo. Shimo jingine, la kambi ya juu pale White Bear, lilifunguliwa tarehe 13 Julai 1806. Mto ulikuwa umepanda, maji yakaingia: sampuli zote za mimea zilizohifadhiwa humo zimeoza, ngozi za dubu zimekwisha. Chupa ya afyuni ya maji ilikuwa imetoka kizibo, ikamwagikia droo ya dawa nyingine na kuziharibu. Ramani ya Missouri ilipona. Kosa ni la mahali: kambi ya juu iko tambarare karibu na maji, na walichimba wakiwa na haraka. Shimo la Marias lilifunguliwa tarehe 28 Julai, likakutwa limeporomoka ndani. Baruti, mahindi, unga, nyama ya nguruwe na chumvi vilipona kwa sehemu kubwa. Unga wa nafaka zilizokaangwa ukawa umeharibika, ngozi za manyoya walizoweka pia. Piroga nyekundu iliyofichwa karibu ilikuwa imeoza, wakachomoa misumari wakaiacha. Nyeupe, iliyofichwa chini ya maporomoko, ilikuwa nzima na ikarudi nao.

Nyikani

Kuna kitu kimoja zaidi cha siku zilezile. Tarehe 14 Julai 1806, siku moja baada ya kukuta mimea imeoza, walifukua magurudumu ya kotonwudi, yako sawa. Safari hii walikuwa na farasi wa kuyavuta, mitumbwi ikateremshwa kwa njia ileile. Fremu ya chuma nayo ilifukuliwa, Lewis akaandika kwamba haijaharibika sana. Hakuandika kwamba aliibeba.