Fuso inachemsha ikipanda Kapchorwa, fundi anataka kufungua hedi

mama_simenti (Mbale):
Habari zenu wakubwa. Naomba msaada kabla sijamwaga pesa. Nina Fuso Fighter ya 1995, injini 6D16, inabeba simenti kutoka Tororo kupeleka Kapchorwa, kurudi inashuka na mahindi. Huu ni mwezi wa pili inanisumbua. Tororo mpaka Mbale sindano ya temprecha inakaa katikati haina neno, lakini wakishaanza ule mlima wa kwenda Sipi na mifuko 160 juu, dereva yuko gia ya tatu anakanyaga, dakika kumi tu sindano inaanza kutembea na kabla ya Sipi inagusa nyekundu. Wanasimama saa nzima wakingoja ipoe, wakiondoka ni yale yale. Kushuka haina shida. Maji yanapungua kama lita moja kwa safari na naona michirizi ya kutu chini ya kifuniko cha rejeta. Oili ni safi, moshi wa kawaida. Fundi alishabadilisha pampu ya maji na mkanda wa feni, bado. Sasa anasema gasketi ya hedi (ile ya kuziba kati ya kichwa cha injini na bloku) imekwisha, tufungue, na pesa anayotaja ni ada ya watoto wangu ya muhula mzima. Nimwamini?

spana17:
Mama pole sana. Usifungue hedi leo. Inawezekana ni gasketi lakini kuna njia ya kujua bila kufungua hata nati moja, na ni ya bure.

Asubuhi gari ikiwa imelala na imepoa kabisa, toa kifuniko cha rejeta, jaza maji mpaka mdomoni, waambie wawashe halafu wewe mwenyewe simama uangalie ndani. Dakika ya kwanza vibofu viwili vitatu vinaweza kutoka ni hewa iliyobaki, hiyo usiogope. Lakini kama vinaendelea kupanda mfululizo na mtu akikanyaga mafuta vinazidi, maji yanasukumwa nje wakati injini bado baridi, hiyo ni gesi ya silinda inaingia kwenye maji, hapo fundi wako ana haki. Shika pia ule mpira wa juu wa rejeta, ukiwa mgumu kama tairi ndani ya dakika mbili tangu kuwasha baridi, ni jibu lile lile. Kama maji yametulia, hela yako iache mfukoni kwanza.

Na tafadhali mama, kifuniko kisifunguliwe gari ikiwa ya moto, hata kwa gunia. Nimeona tanboi (msaidizi wa dereva) akifungua pale barabarani, ngozi ya mkono ikatoka na shati.

tanboi_busia:
Mi naona mtoe thamostati, ile valvu inayozuia maji yasiende rejeta injini ikiwa baridi, mtupe, hiyo kitu iliwekwa kwa nchi za baridi, huku kwetu jua lote hili ya nini? Sisi zetu zote tulitoa.

MzeeWaMilima:
Kijana nakuheshimu lakini hapo unampoteza mama wa watu. Mimi nimeendesha lori Mbarara-Kabale miaka mingi na hili jambo limeua injini nyingi kuliko jua.

Thamostati za lori nyingi za Kijapani zina milango miwili. Mlango wa juu ukifunguka unaruhusu maji kwenda kwenye rejeta, na wakati huo huo sahani ya chini inaziba ile njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi siku zote. Maji hupita pale kwa wepesi, kwa hiyo sehemu kubwa inazunguka ndani ya injini tu bila kuiona rejeta. Kwenye tambarare hutajua, kwa sababu injini haitoi moto mwingi. Ukifika mlimani na tani 8 mgongoni ndipo deni linadaiwa. Mama, hadithi yako inanukia hivyo hivyo. Muulize fundi kama ndani ya ile nyumba ya thamostati kuna kitu.

Kama ipo, itoe uitie kwenye sufuria ya maji na kipimajoto, uchemshe. Namba imechongwa juu yake, nyingi ni 76.5 au 82, ikikaribia digrii hizo lazima uione ikianza kufunguka. Haifunguki, nunua mpya. Na ukinunua, linganisha na ile sahani ya chini, kuna nyingine dukani zinaingia vizuri lakini hazina sahani, hizo ni sawa na kutoiweka kabisa.

Halafu hiyo michirizi ya kutu. Kapchorwa ni zaidi ya mita 1,800, huko maji ya wazi yanachemka kwenye digrii kama 94 tu. Kinachotuokoa ni kifuniko kushika presha, kizuri cha presha ya bar 0.9 kinasukuma kuchemka mbele kwa digrii kama 20 hivi. Mpira wake ukishakauka hiyo faida yote imekwenda. Ni kitu cha bei ndogo, kibadilishe bila kufikiri.

spana17:
Mzee amesema. Naongeza moja: angalia katikati ya rejeta na kile kilicho mbele yake, kama kuna kondensa ya AC (ya kupoza gesi ya AC) au intakula (ya kupoza hewa inayoingia kwenye injini). Tia tochi kwa upande. Lori la mahindi mara nyingi hapo pamejaa makapi na vumbi, ukiangalia kwa mbele unaona rejeta safi kumbe mgongo umezibwa kama umepigwa plasta. Osheni kwa maji ya presha ndogo kutoka upande wa feni kusukuma nje, presha kubwa inalaza mapezi yote (zile bati nyembamba za rejeta).

mama_simenti:
Nimerudi, samahani kwa kukawia. Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi nilisimama mwenyewe na tochi mdomoni pa rejeta. Vibofu vinne, nikahesabu, baada ya hapo maji yakatulia kama ya ndoo hata dereva alipokanyaga. Kisha nikamwambia fundi afungue nyumba ya thamostati mbele yangu. Haikuwa na kitu, ni tundu tupu, pembeni kuna kutu ya zamani. Anasema hata yeye hakujua, aliyetuuzia ndiye alitoa. Na tulipotoa kondensa, makapi yalijaa debe nusu, mengine yameshaanza kuoza yana harufu ya pombe ya mahindi.

Nimeweka thamostati ya 82 yenye sahani, kifuniko kipya, tumeosha. Jana wamepanda na mifuko 160 ile ile. Dereva alinipigia simu kutoka Sipi, sikuamini, anasema sindano imepanda kidogo juu ya katikati ikasimama hapo hapo mpaka Kapchorwa. Hawakusimama hata mara moja. Mungu awabariki nyote, ada ya watoto nimelipa.

Sasa swali la mwisho, maji tunayotia ni ya kisima cha nyumbani, yanaacha weupe kwenye birika. Yanafaa?

MzeeWaMilima:
Alhamdulillahi mama, nimefurahi kweli. Hapana, weupe huo huo unaouona kwenye birika unajengeka ndani ya mirija ya rejeta. Toa yote, suuza mpaka yatoke safi, weka kulanti (dawa ya maji ya rejeta) nusu na maji ya mvua yaliyochujwa nusu, hata kama hatuna barafu huku, ile dawa inazuia kutu na inachelewesha kuchemka. Dereva atembee na dumu la lita 10 la mchanganyiko huo huo, asije akajazia kwenye mto njiani.

tanboi_busia:
Mzee asante, nimeenda kufungua ya kwetu. Tupu. Kesho natafuta.